Mtarakwa: Sura moja, urithi tofauti

MTARAKWA unajulikana nchini kwa nguzo za ua, mizinga ya nyuki na mbao ambazo mchwa hawazishambulii kwa urahisi. Wanasayansi huuita Juniperus procera. Ndio mti wa pekee wa jenasi yake unaomea kiasili kusini mwa Ikweta, japo makao yake yanaanzia milima ya Saudi Arabia na Yemen, yakapitia Ethiopia na Kenya, hadi uwanda wa juu wa Nyika nchini Malawi.

Hata hivyo, mti huu hauenei mfululizo. Huota milimani, hasa kati ya mita 1,500 na 3,000 juu ya usawa wa bahari, na baina ya mlima na mlima kuna nyanda kavu usizoweza kumea. Mitarakwa ya Maralal na ile ya Aberdare, kwa mfano, imetenganishwa mithili ya visiwa.

Kwa kawaida, mtarakwa huwa ama dume au jike. Upepo hupeperusha chavua, nao ndege hula matunda yake madogo na kutawanya mbegu. Hivyo, miti ya msitu mmoja huchanganya urithi wake daima, na katika miti ya namna hii sehemu kubwa ya tofauti za jeni hupatikana ndani ya msitu mmoja, si baina ya msitu na msitu. Sehemu ndogo inayosalia ndiyo yenye uzito. Msitu uliotengwa kwa muda mrefu hupoteza baadhi ya jeni kwa nasibu tu, huku ukame au baridi ya mahali ikibakisha miti inayoistahimili. Katika Msitu wa Day, Djibouti, ambako mitarakwa mingi imekauka, huenda jeni za kuhimili ukame zinatoweka pamoja nayo.

Kenya, iliyojiwekea lengo la kupanda miti bilioni 15 kufikia 2032, ina sababu ya kulizingatia jambo hili. Mchumaji anayekusanya mbegu kwenye majike mawili matatu kando ya barabara hujaza kitalu miche ya ndugu. Inafaa mbegu zitoke kwa miti mingi iliyoachana, na miche ipandwe penye mwinuko na mvua zinazokaribiana na za asili yake. Mche wa Aberdare, hata uwe na afya kitaluni, huenda usistahimili kiangazi cha Samburu.