Tarakimu za Kadi ya Michoro: Historia ya Namna ya Kuzisoma

Kadi ya michoro ni kibao cha elektroniki kinachopachikwa ndani ya kompyuta ili kugeuza hesabu za mashine ziwe picha juu ya skrini. Tangu mwaka 1981 kadi hizo zimeuzwa pamoja na orodha ya tarakimu: nukta, rangi, kilobaiti na baadaye gigabaiti, megahezi, biti, viini, wati. Orodha hiyo ni maandishi kama maandishi mengine. Ina historia yake, ina mazoea yake, na mara nyingine ina hila zake. Makala haya yanafuatilia historia hiyo hadi mwaka 2023, kwa kusudi la kuonyesha kwa nini tarakimu iliyoandikwa kwa herufi kubwa kuliko zote juu ya kasha mara nyingi siyo iliyoamua uwezo wa kadi.

Inafaa kuanza na jambo linalowahusu wanalugha. Kompyuta ya IBM ilipotolewa Agosti 1981, mnunuzi aliweza kuchagua kati ya kadi mbili. Ya kwanza, MDA, ilionyesha maandishi safi kwa nukta 720 kwa 350, lakini ilijua alama 256 tu zilizofungiwa ndani yake tangu kiwandani, wala haikuweza kuchora chochote nje ya alama hizo. Ya pili, CGA, iliweza kuchora nukta kwa nukta, ila kwa ufinyu: nukta 640 kwa 200 za rangi mbili, au 320 kwa 200 za rangi nne. Van Suwannukul, mhandisi mzaliwa wa Thailand aliyekuwa akiishi California, alitaka kuandika tasnifu yake ya udaktari kwa hati ya Kithai. Hati hiyo huweka irabu na alama za toni juu na chini ya konsonanti. MDA haikuijua, CGA haikuwa na nukta za kutosha kuiandika ikasomeka. Basi akabuni kadi yake mwenyewe, iliyouzwa tangu mwaka 1982 kwa jina la Hercules. Ilikuwa na nukta 720 kwa 348, rangi moja tu, lakini kila nukta iliweza kuwashwa au kuzimwa peke yake. Mwandishi wa Kiswahili kwa herufi za Kilatini asingelikuta tatizo la Suwannukul. Aliyetaka kukiandika kwa herufi za Kiarabu, kama walivyoandika mabingwa wa tenzi wa Lamu na Pate, angelikuta lile lile.

Kadi ya Hercules inafaa pia kufundishia hesabu iliyo msingi wa orodha yote. Nukta 720 zikizidishwa kwa 348 hupatikana nukta 250,560. Nukta ya rangi moja huhitaji biti moja tu: imewaka au haikuwaka. Kwa kuwa baiti moja ni biti nane, ukurasa mzima wa picha hutaka baiti 31,320. Kadi ilikuwa na kumbukumbu ya kilobaiti 64, nazo zilitosha kurasa mbili, mmoja ukionyeshwa na wa pili ukitayarishwa. CGA vilevile: nukta 320 kwa 200 za rangi nne huhitaji biti mbili kwa kila nukta, yaani baiti 16,000, na kumbukumbu ya kadi ilikuwa kilobaiti 16. Hakuna hata tarakimu moja hapo iliyowekwa kwa pambo. Wingi wa nukta, wingi wa rangi na ukubwa wa kumbukumbu vilikuwa kauli moja iliyosemwa kwa njia tatu.

Hali hiyo iliendelea kwa miaka kumi na zaidi. EGA ya mwaka 1984 ilileta rangi 16 kwa nukta 640 kwa 350. VGA ya mwaka 1987 ilikuwa na kilobaiti 256 na ikaleta nukta 640 kwa 480 za rangi 16, au 320 kwa 200 za rangi 256 zilizochaguliwa kati ya rangi 262,144. Kisha zikaja kadi za megabaiti moja, mbili na nne. Aliyetaka nukta 1024 kwa 768 za rangi 256 alihitaji baiti 786,432, na megabaiti moja ilimtosha; aliyezitaka nukta zile zile kwa rangi milioni 16 na ushei, ambazo hula baiti tatu kwa kila nukta, alihitaji zaidi ya milioni 2.3, kwa hiyo kadi ya megabaiti mbili ilimshinda. Wanunuzi wakajifunza kanuni fupi: kumbukumbu kubwa, kadi nzuri. Wakati huo kanuni ilikuwa kweli. Ilibaki katika vinywa vya wauzaji baada ya ukweli wake kuondoka.

Iliondoka lini? Jibu linaweza kutolewa kwa karibu mwaka mmoja: 1996. Michezo ya kompyuta ilikuwa imeanza kuchora dunia yenye kina, ambamo kila kitu hujengwa kwa pembetatu nyingi zilizovikwa picha mithili ya nguo. Kazi haikuwa tena kuhifadhi picha iliyokwisha kuchorwa, bali kuichora upya mara nyingi kwa kila sekunde. Sokoni palikuwa na ViRGE, chipu ya kampuni ya S3, iliyouzwa katika kadi za megabaiti mbili au nne na kutangazwa kuwa inaharakisha michoro ya namna hiyo. Palikuwa pia na Voodoo ya 3dfx, yenye megabaiti nne. Kwa kutazama kumbukumbu peke yake, kadi mbili za megabaiti nne zililingana. Juu ya meza hazikulingana hata kidogo. Voodoo ilifanya kazi kwa megahezi 50, ikimaliza nukta moja kwa kila pigo, nayo ikatawala michezo ya wakati wake. ViRGE ilichelewa kiasi kwamba wachezaji waliibandika jina la utani la kipunguza mwendo.

Voodoo yenyewe haikukosa kigugumizi katika orodha yake. Megabaiti nne zake ziligawanywa mara mbili: mbili kwa ajili ya picha inayochorwa na mbili kwa ajili ya zile nguo za pembetatu. Picha ya nukta 640 kwa 480, kwa baiti mbili kila nukta, pamoja na nakala yake inayotayarishwa na jedwali la kina, hula baiti 1,843,200, nazo huingia katika megabaiti mbili. Picha ya 800 kwa 600 iliyotayarishwa vivyo hivyo hutaka baiti 2,880,000. Haikuingia, hata kama upande wa pili wa kadi palikuwa na nafasi. Aliyesoma nne alikuwa amesoma kweli, lakini hakuwa na nne za kutumia apendavyo.

Mfano ulio bora kuliko yote, hata hivyo, ni GeForce 256, iliyotolewa na kampuni ya NVIDIA Oktoba 1999. Tarakimu iliyomo katika jina haikuwa kumbukumbu, maana nakala nyingi zilikuwa na megabaiti 32. Wala haikuwa upana wa njia iunganishayo chipu na kumbukumbu. Huo ulikuwa biti 128. Ilipatikana kwa kujumlisha mikondo minne ya kuchora iliyohesabiwa biti 64 kila mmoja. Jumla hiyo si uongo. Ila haikumweleza mnunuzi jambo lolote alilohitaji kulijua.

Alilohitaji kulijua lilikuwa limefichika mahali pengine. Mikondo minne kwa megahezi 120 iliweza kutoa nukta milioni 480 kwa sekunde, mradi kumbukumbu iweze kuzipokea. Kadi iliuzwa kwa namna mbili. Ya kwanza ilikuwa na kumbukumbu ya megahezi 166. Ya pili, iliyofuata baadaye kidogo, ilikuwa na megahezi 150 tu. Msomaji wa haraka angechagua 166. Lakini ile ya 150 ilikuwa ya aina iitwayo DDR, ambayo hupitisha data mara mbili kwa kila pigo. Njia ya biti 128 hubeba baiti 16 kwa mpigo mmoja: mara milioni 166, hupatikana gigabaiti 2.66 kwa sekunde. Mara milioni 300, hupatikana gigabaiti 4.8. Kadi yenye tarakimu ndogo ilikuwa na njia karibu maradufu, na ile ya kwanza mara nyingi ilisimama ikingoja kumbukumbu yake. Tangu hapo, anayejua kusoma orodha huanza na zao la tarakimu hizo mbili, upana na kasi ya kumbukumbu, kabla hata ya kuuliza ukubwa wake.

Kadi hiyo hiyo ndiyo iliyolieneza neno GPU duniani. NVIDIA iliitangaza kuwa GPU ya kwanza, ikatoa na fasili yake: kichakato cha chipu moja chenye uwezo wa kushughulikia poligoni zisizopungua milioni 10 kwa sekunde. Wanaleksikografia watatambua hila ya kale hapa, kwani neno lilikuwa limekwisha kutumiwa na Sony kwa chipu ya PlayStation mwaka 1994. Fasili mpya ilikatwa kwa kipimo cha bidhaa moja, kisha bidhaa ikasifiwa kwa kuitimiza fasili.

Majina nayo yalianza kujitenga na vitu. GeForce3 ya mwaka 2001 iliruhusu watungaji wa michezo kuiandikia chipu programu zao ndogo za kukokotoa rangi ya kila nukta. Mwaka 2002 ikatoka GeForce4 MX. Licha ya kuitwa nne, haikuwa na uwezo huo. Chipu yake ilikuwa mzao wa GeForce2.

Baada ya mwaka 2006 tarakimu iliyopendwa ikawa idadi ya viini, yaani vitengo vidogo vinavyohesabu kwa pamoja. GeForce 8800 GTX ya mwaka huo ilikuwa navyo 128. GTX 580 ya mwaka 2010 ilikuwa navyo 512, na GTX 680 ya mwaka 2012 ikawa navyo 1,536. Je, ya pili ilikuwa na nguvu mara tatu ya iliyoitangulia? Viini vya 580 vilikwenda kwa megahezi 1,544, vya 680 kwa megahezi 1,006. Kila kiini hufanya hesabu mbili kwa pigo. Zao ni hesabu bilioni 1,581 kwa sekunde upande mmoja na bilioni 3,090 upande wa pili. Ni mara mbili kasoro kidogo, na hiyo ni juu ya karatasi.

Wati ziweze kutajwa kwa ufupi. Tundu la kadi katika kompyuta za kisasa hutoa wati 75. Kilichozidi hapo hutaka nyaya za ziada. RTX 4090 ya mwaka 2022 imeandikiwa wati 450, na penye umeme wa kusitasita tarakimu hiyo ndiyo ya kusomwa kwanza. Kuna na yasiyoandikwa kabisa. Kadi nyingi zina vihifadhi-chaji vidogo vya tantali, madini yatokayo katika koltani ya Kivu miongoni mwa mahali pengine, lakini hakuna kasha linalotaja hilo.

Kumbukumbu, iliyokuwa imepoteza heshima yake tangu 1996, iliirudia kwa njia isiyotazamiwa. Mwaka 2012, katika Chuo Kikuu cha Toronto, Alex Krizhevsky, Ilya Sutskever na Geoffrey Hinton walifundisha mtandao wa neva kutambua picha, wakitumia picha milioni 1.2 na kadi mbili za GTX 580. Kila kadi ilikuwa na gigabaiti tatu. Mtandao haukuingia ndani ya moja, ikabidi uchanwe vipande viwili na kufundishwa kwa siku tano hadi sita. Tangu hapo kadi ya michoro imekuwa chombo cha maabara, hata za lugha: anayetaka kuifundisha mashine isikie Kiswahili kinavyotamkwa huulizwa mapema gigabaiti alizo nazo, kama alivyoulizwa kilobaiti mnunuzi wa mwaka 1982.

Kwa sababu hiyo kisa cha GTX 970 kilizua hasira nyingi. Kadi hiyo, ya Septemba 2014, ilitangazwa kuwa na gigabaiti 4. Januari 2015 watumiaji walibainisha kwamba nusu gigabaiti ya mwisho ilikwenda polepole mno kuliko 3.5 za kwanza. NVIDIA ikakiri mgawanyo huo, pamoja na makosa mengine mawili katika orodha: vitengo vya kukamilisha nukta vilikuwa 56, siyo 64, na akiba ya ndani ya chipu ilikuwa megabaiti 1.75, siyo 2. Ilieleza kwamba wahandisi na watangazaji wake hawakuelewana. Kesi iliyofunguliwa Marekani iliisha mwaka 2016 kwa suluhu ya dola 30 kwa kila mnunuzi.

Oktoba 2022 hali ilikuwa kinyume: tarakimu zote zilikuwa sahihi, jina ndilo lililopotosha. NVIDIA ilikuwa imetangaza kadi mbili kwa jina moja la RTX 4080, moja ya gigabaiti 16 na nyingine ya gigabaiti 12, kana kwamba tofauti yao ni kumbukumbu tu. Waliosoma mstari wa viini waliona 9,728 kwa ile ya kwanza na 7,680 kwa ya pili. Hazikuwa hata na chipu ya aina moja. Malalamiko yalipozidi, kadi ndogo iliondolewa tarehe 14 Oktoba kabla ya kuuzwa. Ilirudi Januari 2023 na viini vyake 7,680 na gigabaiti zake 12, ikiitwa RTX 4070 Ti, na bei yake imeshuka kutoka dola 899 hadi 799.