Saa za ndege: Jinsi usomaji ulivyorahisishwa kwa marubani

RUBANI anayepaa usiku, au anayepita katikati ya mawingu mazito, haoni ardhi wala upeo wa macho. Yote anayoyajua kuhusu ndege yake huyapata kwenye saa na skrini zilizopangwa mbele yake: kasi, mwinuko, mwelekeo, na iwapo mabawa yamelala sawa au yameinamia upande mmoja. Akizisoma vibaya kwa sekunde chache tu, huenda asipate nafasi ya kujisahihisha.

Kwa miaka mingi ajali za aina hiyo ziliandikwa kuwa kosa la rubani, na uchunguzi ukaishia hapo. Ilichukua muda kabla ya wataalamu kuuliza swali la pili: je, kifaa chenyewe kiliundwa kwa namna ambayo ni rahisi mtu kukosea? Majibu ya swali hilo ndiyo yaliyobadilisha sura ya chumba cha rubani.

Kuruka bila kuona nje

Mnamo Septemba 24, 1929, Luteni James Doolittle wa jeshi la Marekani alipaa, akazunguka na kutua katika uwanja wa Mitchel Field, New York, akiwa amefunikwa asione nje hata kidogo. Rubani mwenzake alikaa kiti cha mbele kwa tahadhari. Doolittle aliongozwa na mawimbi ya redio pamoja na vifaa vipya, vikiwemo upeo bandia wa Sperry na kipimamwinuko cha Kollsman kilichokuwa sahihi kuliko vilivyotangulia.

Upeo bandia ulikuwa hatua kubwa kwa sababu haukumpa rubani tarakimu za kupigia hesabu. Ulimpa picha: mstari uliowakilisha upeo wa macho, na umbo dogo la ndege juu yake. Ndege ikiinama, mstari nao ulionekana kuinama. Mtu aliielewa hali kwa kutupa jicho mara moja.

Hata hivyo, vifaa vingine viliendelea kutawanywa ovyo. Rubani aliyehama kutoka aina moja ya ndege hadi nyingine alilazimika kujifunza upya mahali pa kutazama. Mnamo 1937, jeshi la anga la Uingereza lilianza kutumia mpangilio mmoja wa saa sita za msingi katika ndege zake. Baadaye ukaenea mpangilio unaofanana na herufi T: upeo bandia katikati, kasi kushoto, mwinuko kulia na mwelekeo chini. Mpangilio huo ungali unaonekana katika ndege ndogo za mafunzo kote duniani, zikiwemo zile za shule za urubani katika Uwanja wa Wilson, Nairobi.

Mishale mitatu

Kifaa kilichosumbua zaidi kilikuwa kipimamwinuko cha mishale mitatu. Kilifanana na saa ya ukutani yenye tarakimu kutoka 0 hadi 9. Mshale mrefu ulionyesha mamia ya futi, uliofuata maelfu, na ule mdogo kabisa makumi ya maelfu. Ili kuujua mwinuko wake, rubani alipaswa kuisoma mishale yote mitatu na kuijumlisha akilini.

Kutafsiri mshale si jambo geni kwa msemaji wa Kiswahili. Mshale mfupi wa saa ukiwa kwenye 7 asubuhi, yeye husema ni saa moja, kwa kuwa akili yake imezoea. Lakini mazoea hayo yana mipaka. Katika kipimamwinuko cha mishale mitatu, tofauti kati ya futi 1,500 na futi 11,500 ilikuwa ni kusogea kidogo kwa ule mshale mdogo, ambao mara nyingine ulifichwa na mingine. Mshale uliobeba habari nzito kuliko zote ndio uliokuwa mgumu zaidi kuonekana.

Baada ya Vita Vikuu vya Pili vya Dunia, wanasaikolojia Paul Fitts na Richard Jones walikusanya masimulizi ya marubani katika maabara ya jeshi huko Wright Field, jimbo la Ohio. Ripoti yao ya 1947 ilichambua visa 270 vya kusoma au kuelewa vifaa vibaya. Iligundulika kuwa makosa hayakutokea kiholela. Yalijirudia kwa namna zile zile, kwenye vifaa vile vile, hata kwa marubani wenye uzoefu. Hitimisho lao lilikuwa kwamba makosa mengi yangeweza kupunguzwa kwa kubadilisha vifaa badala ya kuwalaumu watu.

Miaka miwili baadaye, mwanasaikolojia Walter Grether alichapisha matokeo ya kuvijaribu vipimamwinuko vya miundo mbalimbali. Kile cha mishale mitatu kiliwachukua marubani takriban sekunde 7 kukisoma, na zaidi ya asilimia 10 ya majibu yao yalikosea kwa futi 1,000 au zaidi. Kilichoonyesha tarakimu pekee kilisomwa kwa chini ya sekunde 2, na makosa yakawa machache mno.

Matokeo hayo hayakuviondoa vifaa vya zamani mara moja. Mnamo Aprili 1958, ndege aina ya Viscount ya shirika la BEA ilianguka karibu na Prestwick, Scotland, baada ya mwinuko kusomwa kwa kukosea futi 10,000. Waliokuwemo walinusurika. Desemba 24 mwaka huo huo, ndege aina ya Britannia ya BOAC iliyokuwa katika safari ya majaribio iligonga ardhi penye ukungu karibu na uwanja wa Hurn, kusini mwa Uingereza. Watu 9 kati ya 12 waliokuwemo walifariki. Wachunguzi walisema marubani walishindwa kuhakikisha mwinuko wao, lakini wakaongeza kuwa kifaa chenyewe kilidai umakini mkubwa kuliko inavyofaa kwa chombo muhimu kama hicho.

Miaka iliyofuata, mishale mitatu iliondolewa hatua kwa hatua katika ndege kubwa za abiria. Mahali pake pakachukuliwa na tarakimu zinazozunguka pamoja na mshale mmoja. Kila kimoja kina kazi yake: tarakimu humpa rubani kiwango kamili, na mshale humwonyesha iwapo ndege inapanda au inashuka, na kwa haraka kiasi gani.

Skrini na mitego mipya

Katika miaka ya 1970, shirika la NASA la Marekani lilifanya utafiti kuhusu kutumia skrini badala ya saa nyingi zilizojaa mbele ya rubani. Boeing 767, iliyoanza kubeba abiria mnamo 1982, ilikuwa miongoni mwa ndege za kwanza za abiria kutumia skrini hizo. Sasa kasi, mwinuko na upeo bandia viliweza kukaa pamoja katika picha moja. Rangi nazo zikapewa maana: nyekundu kwa hatari inayohitaji hatua mara moja, na manjano kwa tahadhari.

Lakini skrini peke yake si dawa. Mnamo Januari 8, 1989, Boeing 737-400 ya shirika la British Midland ilipata hitilafu katika injini ya kushoto, na marubani wakaizima ile ya kulia iliyokuwa nzima. Ndege ilianguka karibu na kijiji cha Kegworth, Uingereza, na watu 47 kati ya 126 wakafariki. Sababu zilikuwa kadhaa. Mojawapo ni kuwa kipimo cha mtikisiko wa injini, ambacho kilionyesha ukweli, kilikuwa kidogo na hakikuwa na taa wala mlio wa kuwashtua marubani. Habari ilikuwepo, ila haikuonekana.

Mnamo Januari 20, 1992, Airbus A320 ya shirika la Air Inter iligonga mlima karibu na Strasbourg, Ufaransa, na watu 87 kati ya 96 wakapoteza maisha. Wachunguzi waliona uwezekano mkubwa kwamba marubani walikusudia kushuka kwa pembe ya nyuzi 3.3, lakini mtambo ukaelewa futi 3,300 kwa dakika, kasi kubwa mno. Katika hali zote mbili kidirisha kilionyesha karibu tarakimu zile zile. Baada ya ajali hiyo, kasi ya kushuka ilianza kuandikwa kwa tarakimu nne ili isichanganywe na pembe. Badiliko lilikuwa dogo kwa macho, lakini liliziba pengo lililokuwa limegharimu maisha.

Kifaa na msomaji wake

Hatua iliyofuata ni kioo angavu kilicho mbele ya macho ya rubani, ambacho humwezesha kuona kasi na mwinuko huku akitazama njia ya kutua, bila kuinamisha kichwa. Teknolojia hiyo ilitoka katika ndege za kivita na sasa imo katika ndege kama Boeing 787, ambazo Kenya Airways ilianza kuzipokea mnamo 2014.

Wakenya wanaijua vyema gharama ya vifaa kutotazamwa. Usiku wa Mei 5, 2007, Boeing 737-800 ya Kenya Airways ilianguka muda mfupi baada ya kupaa kutoka Douala, Cameroon, na watu wote 114 waliokuwemo wakafariki. Hiyo ilikuwa ndege ya kisasa yenye skrini. Ripoti ya uchunguzi ilieleza kuwa ndege iliinama polepole upande wa kulia katika giza, vifaa visitazamwe inavyopaswa, hadi marubani wakapoteza fahamu ya hali ya ndege yao. Ripoti hiyo ilitaja pia udhaifu katika ushirikiano wao na mkanganyiko kuhusu mtambo wa kuendesha ndege pasipo mkono wa rubani.

Ndiyo maana mafunzo ya urubani hayakuacha kusisitiza zoea la kuzungusha macho kutoka kifaa kimoja hadi kingine bila kukoma. Muundo bora hupunguza kazi ya akili na kuziba njia za kukosea, lakini hauwezi kumtazamia rubani. Kwa upande mwingine, mafunzo mazuri hayatoshi iwapo kifaa kinaficha kilicho muhimu. Kila ajali iliyochunguzwa kwa kina imewarudisha wataalamu kwenye maswali hayo mawili: rubani alitazama nini, na kile alichokitazama kilimwambia nini?