Uchachu wa Udongo na Naitrojeni Isiyofyonzeka

Mfasiri aliyekabidhiwa kijitabu cha kilimo anaweza, bila kuvunja kanuni yoyote ya sarufi, kuandika kwamba udongo wenye chachu hupunguza upatikanaji wa naitrojeni. Sentensi hiyo ni nyofu. Hatari yake imo masikioni mwa msomaji. Chachu, kwa watu wengi, ni kitu cha kuumulia unga, na wasemaji wa majukwaani wamezoea kulitumia neno hilo kwa maana ya kichocheo cha jambo jema. Upatikanaji nao ni neno la dukani: upatikanaji wa sukari, upatikanaji wa mafuta ya taa. Mkulima huyo anaweza basi kufahamu kwamba udongo wake una nguvu, ila naitrojeni imeadimika sokoni, naye akaenda kununua gunia la mbolea ya chumvichumvi. Historia ya elimu ya udongo yaonyesha kwamba gunia hilo laweza kumzidishia hasara.

Mmoja wa watu walioliona jambo hili mapema alikuwa Edmund Ruffin, mwenye mashamba katika jimbo la Virginia, Marekani. Ardhi yake ilikuwa imechoka, na samadi haikuleta mavuno aliyoyatarajia. Mwaka 1818 alianza kuitia udongo wenye chokaa ya kombe za kale, kazi ambayo jasho lake lilikuwa la watumwa. Mwaka 1832 alichapisha kitabu, akidai kwamba ardhi ile ilikuwa na asidi na kwamba samadi isingeifaa mpaka asidi hiyo ipozwe. Alikisia vyema, lakini sababu hasa hakuweza kuijua.

Sababu ilianza kudhihirika Ufaransa mwaka 1877. Schloesing na Müntz walipitisha maji machafu polepole katika bomba lililojazwa mchanga na unga wa mawe ya chokaa. Kwa siku nyingi amonia iliyoingia ilitoka vile vile. Kisha ikaanza kutoka naitreti. Walipotia mvuke wa klorofomu, kazi ilikoma. Walipotia maji yaliyochanganywa na udongo wa bustani, ikaanza tena. Kwa hiyo watendaji wa kazi hiyo walikuwa viumbe hai. Winogradsky aliwatenga bakteria hao huko Zürich mnamo mwaka 1890, ikabainika kwamba wako makundi mawili, moja likianza kazi na la pili likiimaliza. Yafaa kuuangalia tena ule unga wa chokaa. Kila ioni ya amonia igeuzwapo kuwa naitreti huacha nyuma ioni mbili za hidrojeni, na hizo ndizo asidi yenyewe. Pasipo kitu cha kuipoza, bakteria hujiharibia makao kwa kazi yao wenyewe.

Ushahidi mzito zaidi ulitoka mashambani. Huko Woburn, Uingereza, Chama cha Kilimo cha Kifalme kilianzisha majaribio mwaka 1876, ngano na shayiri zikipandwa mahali pale pale mwaka hata mwaka, na baadhi ya vipande vikitiwa chumvi za amonia. Hapo mwanzo mavuno yalipendeza. Kufikia miaka ya 1890 shayiri ilikuwa ikidhoofika na kufa katika vipande hivyo hivyo vilivyolishwa naitrojeni kila mwaka. Chokaa ilipotiwa, ikaota tena. Udongo wa Woburn ni wa kichanga, wala hauna akiba ya chokaa ya kuuhimili uchachu. Katika majaribio ya Park Grass huko Rothamsted, yaliyoanza mwaka 1856, vipande vilivyotiwa salfeti ya amonia bila chokaa vimeshuka hata chini ya pH 4, na juu ya ardhi pamelala tabaka nene la majani yasiyooza. Ndani ya tabaka hilo naitrojeni imo tele, lakini imefungwa. Udongo mchachu, basi, si lazima uwe maskini wa naitrojeni. Viumbe wenye kuozesha na kugeuza hulegea. Vinundu vya mizizi ya maharage havifanyiki ipasavyo. Na alumini, ambayo huyeyuka uchachu unapozidi, huidumaza mizizi isiweze kufyonza hata kile kilichopo. Kazi ya kuigeuza amonia haikomi kabisa, kwani mwaka 2011 kilitangazwa kiumbe cha udongo wa Aberdeen kinachoifanya katika uchachu mkali, lakini kwa mazao mengi hilo si faraja kubwa.

Kipimo cha pH chenyewe kilitungwa na Sørensen mwaka 1909 katika maabara ya Carlsberg mjini Copenhagen, maabara ya kiwanda cha bia. Yaani kipimo cha uchachu kilizaliwa nyumbani kwa chachu. Walimu hawana budi kusisitiza kwamba namba ikishuka asidi hupanda, tena kwa kuzidisha mara kumi kwa kila hatua. Mfasiri aandikaye "asidi kidogo" mahali pa "pH ndogo" ameigeuza maana juu chini.

Sasa tuzitazame istilahi. Asidi imekwisha enea shuleni, na haina mgogoro ikitumiwa kwa kitu chenyewe. Tindikali watu huifahamu kuwa maji ya kuunguza, kama yale ya betri ya gari. Mkulima akiambiwa kwamba shamba lake lina tindikali atauliza ni nani aliyeimwaga. Sifa ya -chachu ni ya jadi, nayo hufahamika kwa embe bichi na maziwa yaliyoganda. Tuseme udongo mchachu, au uchachu wa udongo, wala si "udongo wenye chachu". Upatikanaji tuuachie maduka. Kitenzi kufyonza tumekizoea katika masomo ya biolojia, na kutokana nacho twapata ufyonzekaji na naitrojeni isiyofyonzeka. Atakayesema kwamba ufyonzekaji ni neno zito mdomoni hatakuwa amekosea. Katika kijitabu cha mkulima ni afadhali kueleza kwa urefu: naitrojeni imo udongoni, lakini mmea hauwezi kuifyonza vizuri mpaka uchachu upunguzwe kwa chokaa. Katika majedwali ya wataalamu, ambamo hapana nafasi ya sentensi nzima, ufyonzekaji utatosha.