Baridi Iliyo Chini ya Bahari ya Joto

Sisi watu wa Kilo hatuna bahari. Lakini maji ya vijito vyetu hushuka katika mto Ituri, na kwa njia ya Aruwimi na Kongo yanafika Bahari ya Atlantiki. Huko juu ya bahari maji ni ya vuguvugu, lakini chini kabisa ni baridi, kama digrii 2 hivi. Baridi hiyo yatoka wapi, karibu na ikweta namna hii?

Mwaka 1751 Mwingereza Henry Ellis, nahodha wa merikebu ya watumwa (tusilifiche jambo hilo), alishusha kipima-joto katika ndoo yenye vifuniko hata futi 5,346, magharibi ya Afrika. Juu joto lilikuwa digrii 29; ndoo ilipopandishwa, maji yake yalikuwa digrii 12 tu. Akafurahi: akayaoga, akapozea divai yake, katika chombo cha kuchukulia watu waliofungwa minyororo.

Mwishoni mwa karne ile mtaalamu Rumford alifundisha kwamba baridi hiyo hutoka kwenye ncha za dunia. Lakini inashukaje? Ndugu aliyepata kuosha mchanga wa dhahabu, iliyovumbuliwa kwetu mwaka 1903, ataelewa upesi. Ukitikisa karai, kizito hukaa chini. Basi maji ya bahari yanapoganda, penye digrii 1.9 hivi chini ya sifuri, barafu huikataa chumvi. Chumvi ile huyaongezea uzito maji yaliyobaki, nayo yamekwisha kuwa baridi sana. Hivyo huzama, hutelemka katika mabonde ya chini ya bahari, na kutambaa kuelekea ikweta kwa miaka mamia. Hayaendi mikono mitupu: yanachukua oksijeni, ambayo viumbe wa kilindini hawaishi pasipo hiyo.

Mjerumani Wilhelm Brennecke, aliyesafiri katika merikebu Deutschland mwaka 1911 na 1912, aliyapima maji hayo katika Bahari ya Weddell, karibu na ncha ya kusini, akaeleza jinsi yanavyozaliwa. Barafu yenyewe nusura iwapoteze: iliishika merikebu yao miezi mingi.

Sasa vipimo vilivyochukuliwa tangu miaka ya 1990 vinaonyesha kwamba maji mazito ya Weddell yanapungua, kwa kuwa barafu mpya inayoundwa pale imepungua.