Ufizi na Sukari Katika Nchi ya Gusii

Nyanya yangu wa Keroka alisugua meno kwa kijiti alichokitafuna ncha mpaka kikawa nyuzi. Alikula ugali wa wimbi na mboga ya chinsaga. Gusii ilikuwa na mabingwa wake, ababari, waliopasua fuvu la aliyeumia kichwani na mgonjwa akapona. Lakini sukari ya damu hakuna aliyeipima. Hata insulini, dawa ya kushusha sukari hiyo, iligunduliwa Toronto mwaka 1921.

Kisha majani chai yakaenea kwenye vilima vya Nyamira, hasa baada ya KTDA, shirika la kuendeleza kilimo cha chai, kuundwa mwaka 1964. Chai ya maziwa yenye sukari nyingi ikawa heshima ya kila mgeni.

Mama yangu alipougua kisukari, fizi zake zilivuja damu kila alipopiga mswaki. Baadaye shavu likavimba, na kipimo cha sukari kikapanda ingawa alikula kidogo. Ndivyo kisukari na maradhi ya fizi yanavyochocheana: sukari ikizidi, mwili hushindwa kupambana na vijidudu, usaha nao huipandisha sukari. Maji ya chumvi yalimtuliza tu. Kilichomponya ni daktari wa meno kuondoa chanzo cha usaha, huku dawa za sukari zikiendelea.

Nawasihi wenzangu: mwambieni daktari wa meno kwamba mna kisukari, na msiache dawa kwa kuwa kutafuna kunauma. Uvimbe ukishuka shingoni, homa ikipanda au kumeza kukiwa shida, nendeni hospitali siku hiyo hiyo.