Acheni Kunyoosha Zilizopendwa

Wasee, wacha nianze kwa kukiri. Mwaka jana nilichukua wimbo wa bendi ya mjomba wangu, nikauingiza kwenye laptopu, nikabonyeza kile kitufe cha kunyoosha mapigo yote yakae kwa gridi, nikaweka besi nzito chini yake, halafu nikautuma kwa grupu ya familia. Nikakaa nikingoja sifa. Anti, mjane wa mjomba, akaandika swali moja tu: "Hizi drams amepiga nani?"

Manze, ni mumewe ndiye alipiga.

Santuri yenyewe ni ya mwaka wa 1979, zile ndogo za mizunguko 45 kwa dakika. Kama nyingi za Nairobi enzi hizo, wimbo umekatwa mara mbili: upande huu Sehemu ya 1, geuza upate Sehemu ya 2. Upande mmoja ulibeba dakika chache tu, na wimbo wa dansi hauna haraka ya kuisha. Sehemu ya 1 waimbaji wanatoa malalamiko yao ya mapenzi. Sehemu ya 2 gitaa zinaachiliwa. Skiza benga ya D.O. Misiani na Shirati Jazz utajua naongelea nini: kuna mahali maneno yanaisha na miguu inaanza.

Sasa, mjomba na wenzake hawakurekodi vile sisi tunarekodi, mmoja leo, mwingine wiki ijayo, kila mtu na hedifoni zake. Waliingia chumba kimoja, wakaangaliana, mmoja akahesabu, wakaanza. Hakukuwa na kliki, ule mlio wa tik-tik unaokuambia pigo liko wapi. Saa ya bendi ilikuwa mkono na mguu wa mpiga drams, na yeye naye alikuwa anamwangalia mwimbaji.

Si ati kliki haikuwepo duniani. Mälzel alipata hataza ya metronomu mwaka wa 1815. Huko Marekani, mwishoni mwa miaka ya 1920, watengenezaji wa filamu za katuni walihitaji muziki uangukie pale pale panya anapoanguka, na Carl Stalling, aliyekuwa akifanyia Walt Disney kazi, ndiye hutajwa sana kwa kuwapa wanamuziki mlio wa kufuata. Yaani kliki ilizaliwa kutumikia picha, si dansi. Baadaye, mwaka wa 1980, Roger Linn akatoa LM-1, mashine ya drams isiyochoka wala kusisimka, na 1983 ikaja MIDI, mashine zikaanza kupeana saa zenyewe. Sisi tuliozaliwa baada ya hapo tunadhani muziki umekuwa na gridi tangu Adamu.

Ndiyo maana ukiweka santuri ya 1979 kwa programu ya leo, inaonekana ni kama imepotea njia. Haijapotea. Ni gridi ndiyo haijui njia ya huo wimbo. Kwa hivyo badala ya kuvuta muziki ufuate gridi, unapinda gridi ifuate muziki. Hiyo ndiyo ramani ya tempo.

Kuichora ni kazi ya subira. Zima kwanza kila kitu kinachonyoosha chenyewe. Tafuta pigo la kwanza la kweli, na hapa ndipo mimi nilipoteza jioni nzima, kwa sababu gitaa la mwanzo lilinidanganya. Lilikuwa limeanza katikati ya mapigo, na nilihesabu "moja" mahali pasipo mpaka drams zikaingia na kuniaibisha. Ukishalipata, weka alama mwanzo wa kila baa (si ile ya Ijumaa, namaanisha kundi la mapigo manne). Programu inapiga hesabu: mapigo manne kwa sekunde 2 ni tempo ya 120, mapigo manne kwa sekunde 1.9 ni kama 126. Usiweke alama kwa kila pigo. Ukifanya hivyo unakimbizana na kila kijiti kilichochelewa nywele moja, na hako kachelewa ndiko utamu wenyewe.

Sehemu ya 1 ilianza 118, ikaisha 124. Sehemu ya 2 ilianza 126, ikaisha 133.

Jamaa yangu mmoja prodyuza akacheka: "Hiyo ni tepu mbovu tu." Swali la maana, na lina jibu. Tepu ama santuri ikizunguka haraka, tempo na sauti hupanda pamoja. Ongeza kasi kwa karibu asilimia 6 na kila noti imepanda nusu-sauti. Kutoka 118 hadi 133 ni karibu asilimia 13, kwa hivyo gitaa lingepanda nusu-sauti mbili. Nikapima. Gitaa liko pale pale, mwanzo hadi mwisho. Ni watu ndio waliongeza mwendo.

Na hawakuongeza ovyo. Ramani imelala karibu tambarare wakati wa maneno, halafu inapanda kila mara gitaa la pili linapoingia. Kuna baa mbili tu ambapo inashuka ghafla, kabla ya beti ya tatu. Nilizisikiza mara ishirini. Mwimbaji amechelewa kuvuta pumzi, na drams zimemngoja.

Hizo baa mbili ndizo kitufe changu kilifuta kwa sekunde tatu. Na ndicho kinachoniudhi na hizi rimiksi za zilizopendwa zinazojaa kila wikendi: sina shida na besi mpya, pigeni hata honi za matatu juu yake, lakini kama huwezi kufuata mpiga drams aliyekutangulia, basi piga drams zako mwenyewe na umwache yake.

Nimeirudia rimiksi yangu. Besi sasa inafuata ramani, kwa hivyo nayo inapanda hadi 133, na kwa zile baa mbili inangoja pia. Sehemu ya 2 nimeipa ramani yake, kwa sababu kati ya 124 na 126 kuna kitu kilipigwa ambacho hakipo kwa upande wowote wa santuri, na sikutaka kuziba hilo pengo kwa kubahatisha.

Nilimpelekea Anti mwenyewe Jumapili, kwa simu na spika ndogo. Kwa beti ya tatu alisema jina la mwimbaji, kisha akasema, "Huyo alikuwa anavuta sigara sana."