Usaili wa sauti mtandaoni

Usaili wa sauti mtandaoni ni njia ya kumpata mwigizaji wa sauti bila yeye kufika studio. Mwombaji hupewa mistari michache ya mhusika, hujirekodi mahali alipo, kisha hutuma faili kwa mwenye kazi, ambaye husikiliza na kuchagua. Kazi zenyewe ni michezo ya redio, katuni, vitabu vya kusikiliza, michezo ya kompyuta na filamu zinazoingizwa sauti za Kiswahili. Waigizaji wa ridhaa, yaani wasiolipwa, hutumia sana njia hii.

Asili yake Tanzania

Kuigiza kwa sauti tu ni jambo la zamani nchini. Radio Tanzania Dar es Salaam ilirusha vichekesho vya Pwagu na Pwaguzi, na kuanzia mwaka 1993 mchezo wa Twende na Wakati, uliohusu uzazi wa mpango na UKIMWI. Katika vibanda vya video walitokea watafsiri wa filamu kama Derek Mukandala, maarufu kwa jina la Lufufu. Mtu mmoja alisema maneno ya wahusika wote, akaongeza na ya kwake. Mwaka 2011 televisheni ya taifa, TBC, ilionyesha tamthilia ya Kichina yenye sauti za Kiswahili, Doudou na Mama Wakwe Zake. Mwaka 2016 kampuni ya StarTimes iliendesha shindano la kutafuta sauti, na washindi walikwenda kufanya kazi hiyo Beijing. Azam TV nayo imeonyesha tamthilia za Kituruki zilizoingizwa sauti hapa nchini.

Shindano la aina hiyo humtaka mshiriki asimame mbele ya majaji. Kwa kijana wa Ujiji, safari ya Dar es Salaam kwa reli iliyofika Kigoma mwaka 1914 ni zaidi ya kilomita 1,200. Ndiyo maana usaili wa mtandaoni una uzito mkubwa zaidi huku kuliko mjini Dar.

Namna unavyofanyika

Tangazo hueleza umri, tabia na hali ya mhusika, idadi ya mistari na siku ya mwisho. Mwombaji hutaja jina lake na la mhusika, halafu husoma. Ni desturi kutuma usomaji wa aina mbili wa mistari ileile, kwa mfano mmoja wa hasira ya wazi na mwingine wa hasira iliyozuiwa, ili mchaguzi aone kama mtu anaweza kuelekezwa. Mwalimu yeyote aliyewahi kumsikiliza mwanafunzi akisoma darasani anajua tofauti kati ya kutamka maneno na kuyasema. Wengi huanguka hapo, wala si kwenye ubora wa kipaza sauti.

Hata hivyo chumba kina sehemu yake. Ukuta mtupu huleta mwangwi, na mvua juu ya mabati huharibu kila kitu, hivyo wakati wa masika watu hurekodi usiku mvua ikikatika. Blanketi zilizotundikwa au kabati lililojaa nguo hupunguza mwangwi bila gharama. Programu ya Audacity, inayotolewa bure, hutosha kukata makosa. Dakika moja ya sauti isiyobanwa ya mkondo mmoja huchukua takriban megabaiti 5. Ikibanwa kwa MP3 ya kilobiti 128 kwa sekunde huwa kama megabaiti 1, jambo la maana kwa anayenunua bando. Ujumbe wa sauti wa WhatsApp hubanwa zaidi na kupoteza ubora. Faili itumwe kama hati.

Lafudhi

Ujiji ilikuwa kituo kikubwa cha misafara katika karne ya 19, na kutoka hapo Kiswahili kilivuka ziwa kuelekea Manyema. Wakazi wengi wana asili ya huko, wengine ni Waha, na ng'ambo husemwa Kingwana. Baadhi ya waombaji huificha lafudhi yao, na mara nyingi hukosea. Msimulizi wa kitabu cha shule huhitaji Kiswahili sanifu, lakini mvuvi wa dagaa wa Kibirizi au mfanyabiashara wa Kalemie akisemeshwa kwa lafudhi ya pwani, msikilizaji wa Kigoma hamwamini.

Haki na hatari

Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inawalinda pia waigizaji. Tatizo ni kwamba sampuli ya usaili hutumwa kwa mtu asiyejulikana, mara nyingi bila mkataba. Anayedai ada ya usaili ni wa kuepukwa, na anayetaka mswada mzima urekodiwe kama "jaribio" huenda anatafuta kazi ya bure. Januari 2023 Microsoft ilitangaza mfumo wa VALL-E, unaoiga sauti ya mtu kwa sampuli ya sekunde 3 tu. Usaili wa kawaida huwa mrefu kuliko hapo. Kwa hiyo ni vema kuuliza kwa maandishi, kabla ya kutuma, sauti itatumika wapi na kama itafutwa asipochaguliwa.

Miradi mingine hueleza masharti yake waziwazi. LibriVox, iliyoanzishwa mwaka 2005, haina usaili wa kipaji: msomaji mpya hutuma jaribio la dakika moja ili ubora wa sauti ukaguliwe, na rekodi zote za vitabu huwa mali ya umma. Common Voice ya Mozilla hukusanya sentensi zinazosomwa na watu wa kujitolea, Kiswahili kikiwemo, na kuziachia zitumike na yeyote.